Abiria wanne wa basi la jioni

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa vijiji, wenye mabasi, madereva na makondakta mlioacha kazi ya leo ili kuja hapa, nanyi abiria ambao vikao vya namna hii huwa vinasahau kuwaalika: asanteni sana.

Nimepewa swali moja. Je, njia za mabasi ya vijijini zina abiria wa kutosha kujiendesha? Nitalijibu sasa hivi, asije mtu akasema nilizunguka mbuyu. Kwa nauli peke yake, nyingi hazina. Zipo zinazojilipa, hasa zile zinazopita vijiji vikubwa vilivyojipanga kando ya barabara moja na kuishia kwenye mji wenye soko, hospitali na shule ya sekondari. Lakini ukizichukua zote kwa jumla, nauli haifikii gharama, na hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye nchi tajiri.

Mngeweza kuniambia nikae chini. Ninachoomba ni muda wa kuonyesha kwamba idadi ya abiria tunayoitumia kuzihukumu njia hizi, mara nyingi, tumeitengeneza wenyewe kwa ratiba tuliyoiweka.

Nianze upande wa wenye mabasi, maana ndio wanaobebeshwa lawama kila mara.

Gharama ya basi haiji na abiria. Inakuja na gari kuwa barabarani. Dereva analipwa awe amebeba watu 30 au watatu. Bima ni ileile. Mafuta yanapungua kidogo tu gari likiwa tupu. Kwenye nchi ambako mishahara iko juu, dereva ndiye gharama kubwa kuliko zote; ambako mishahara iko chini na barabara ni mbovu, mafuta, matairi, springi na spea ndivyo vinavyokula pesa. Huko kote, abiria anayepanda gari ambalo tayari lina nafasi haongezi gharama ya maana. Kwa hiyo mwenye basi akisema "huku hakuna abiria", hana maana kwamba hakuna watu. Anasema waliopo hawafikishi kiasi cha kulitoa gari asubuhi.

Sasa tazameni kiti kimoja. Kwenye njia ya mjini, kiti cha dirishani nyuma ya dereva kinauzwa mara tatu, hata nne, kwa tripu moja. Mmoja anashuka hospitali, mwingine anakikalia mpaka stendi, wa tatu anakidaka hapohapo. Kwenye njia ya kijijini kiti hicho kinauzwa mara moja tu, kwa sababu wote wanakwenda mwisho wa njia. Aliyepanda kule mwanzo anakaa nacho kilomita 40 nzima. Na gari lenyewe linajaa taratibu: linaondoka na watu wawili, kijiji cha pili wanakuwa saba, kinachofuata 15, na linapoingia mjini limebana, watu wamesimama mpaka mlangoni. Aliyeko stendi anaona basi limefurika, anasema huyu jamaa anatajirika. Hakuziona zile kilomita 20 za kwanza. Wala hataiona safari ya kurudi, maana asubuhi watu hawatoki mjini kwenda kijijini. Gari linarudi na kondakta, magunia matupu na mwalimu mmoja.

Tufanye hesabu ya kukisia, namba zangu mwenyewe, ili jambo lionekane. Tuseme kila tripu, kwenda au kurudi, inahitaji nauli kamili za watu 16 ili kila kitu kilipwe, pamoja na akiba ya kununua gari jingine hili likichakaa. Asubuhi linaingia mjini na watu 28. Lakini wengi walipandia katikati, wakalipa nusu njia, kwa hiyo mfukoni mwa kondakta kuna nauli kamili 19. Linarudi na watu wanne. Jumla 23, na zilizohitajika ni 32. Basi limejaa pomoni na limekula hasara. Mwenye gari akiisahau ile akiba, ataona faida kwa miaka michache, halafu siku injini ikifa njia inakufa nayo. Njia nyingi tunazosema "zinajilipa" zinajilipa kwa mtindo huo, kwa kulitafuna gari lenyewe.

Hapo nimewatetea wenye mabasi vya kutosha. Nigeukie wanaohesabu.

Mwaka 1963 nchini Uingereza ilitoka ripoti ya Dkt. Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la nchi hiyo, kuhusu reli. Ilihusu treni, lakini kila anayehesabu abiria wa basi anapaswa kuijua. Hesabu yake ya abiria ilitokana na wiki moja ya Aprili 1961. Ilionekana kwamba theluthi moja ya urefu wa reli zote ilibeba asilimia 1 tu ya kilomita zilizosafiriwa na abiria. Ukiona namba kama hiyo mkono unakimbilia mkasi wenyewe. Ripoti ikapendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000, na reli za matawi zinazokwenda vijijini ndizo zilizopigwa zaidi.

Hesabu haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya wiki moja, na Aprili si majira ambayo watu wa nchi ile humiminika ufukweni. Reli za pwani zilizoishi kwa abiria wa kiangazi zilionekana kavu. Zaidi ya hilo, abiria wa tawi hakuwa akiishia kwenye tawi. Alibadilisha treni na kuendelea na safari ndefu kwenye njia kuu, na nauli ya safari ile ndefu ikahesabiwa kuwa mali ya njia kuu. Tawi lilipofungwa, watu wengi hawakujisumbua kwenda kupandia treni mbali. Walichukua gari binafsi tangu nyumbani mpaka mwisho wa safari, na njia kuu nayo ikapoteza abiria ambao haikujua wanatoka wapi. Wanavijiji waliahidiwa mabasi badala ya treni. Mengi ya mabasi hayo yaliondolewa baada ya muda mfupi, na sababu iliyotolewa mnaweza kuikisia: hayana abiria.

Njia ya kijijini ni tawi. Abiria wake akifika mjini anapanda la pili, pengine la tatu. Ukiipima kwa tiketi zilizokatwa ndani yake peke yake, utakuwa umepima nusu ya kazi yake.

Kuna mfano mmoja ambao nataka tukae nao. Njia ina safari nne kwa siku. Mhesabuji anakaa na daftari: asubuhi watu 25, mchana tisa, alasiri 18, jioni wanne. Mkutano unaitishwa, wanne hawatoshi, basi la jioni linafutwa. Kila mtu mezani anaona ni uamuzi wa busara, na akiba yake inaonekana kwenye karatasi.

Mwezi wa tatu, basi la asubuhi lina watu 18. Nani amekwenda wapi?

Wale wanne wa jioni, kwanza, walikuwa pia abiria wa asubuhi. Muuguzi anayetoka zamu saa kumi na mbili jioni, kijana wa chuo, fundi na msaidizi wake. Mtu hapandi basi la kwenda kama hana la kurudi. Kwa hiyo kila tiketi ya jioni iliyofutwa ilifuta na ya asubuhi. Wengine watatu hawakuwahi hata siku moja kuonekana kwenye basi la jioni. Walikuwa wakirudi na la alasiri kama kawaida, lakini walithubutu kwenda mjini kwa sababu walijua kwamba hata foleni ya hospitali ikiwa ndefu, kuna gari jingine. Basi la jioni liliwabeba bila wao kulipanda. Sasa wamefanya hesabu ya kulala mjini bila mpango, wakatafuta mwenye pikipiki. Alasiri nayo inapungua, kwa sababu hao walikuwa watu wake. Mwakani mtu atasimama kwenye mkutano kama huu na kusema: tuliwaambia, abiria hawapo. Na atakuwa na daftari la kuthibitisha.

Mwaka 1972 mwanauchumi Herbert Mohring, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alilieleza jambo hili kwa upande wake mzuri: abiria wakiongezeka, mabasi yanaweza kupita mara nyingi zaidi, na yakipita mara nyingi kila abiria anangoja muda mfupi, hata yule wa zamani. Huduma inakuwa bora kwa kutumiwa. Kinyume chake ndicho tunachokiishi vijijini. Ila huku kwetu wa vijijini kungoja si kusimama kituoni, kwani mtu wa kijijini anaijua saa ya basi, hatoki mapema bure. Kungoja kwake ni pengo kati ya saa ya basi na saa ya shida yake. Ameambiwa afike ofisi ya ardhi saa nne asubuhi. Basi linamfikisha saa moja na kumrudisha saa kumi jioni. Masaa tisa mjini kwa ajili ya sahihi ya dakika kumi! Mkimkuta wiki ijayo nyuma ya pikipiki msiseme hapendi usafiri wa umma.

Na mtu akishaondoka hivyo, harudi upesi. Akinunua chombo chake ameshalipia gharama kubwa, na safari inayofuata itamgharimu mafuta tu. Wanaobaki kwenye basi ni wale wasio na namna: watoto wa shule, wazee, mama mwenye mgonjwa, asiyeweza kuendesha. Idadi imepungua, lakini uhitaji wa waliobaki umekuwa mkali zaidi. Daftari halina safu ya kuandikia hilo.

Kuhusu nauli nitapita haraka. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa Uingereza mwaka 2004 yaliweka hivi: nauli ya basi ikipanda kwa asilimia 10, abiria hupungua kwa takribani asilimia 4 ndani ya muda mfupi, na kwa takribani asilimia 10 miaka inapopita. Mwenye basi anaiona ile 4, anapiga hesabu, anaona amepata. Ile 10 inakuja polepole, na ikifika analaumu pikipiki. Kuna wanaokwenda upande wa pili na kusema tufanye bure. Estonia ilifanya hivyo kwa mabasi mengi ya wilaya zake kuanzia Julai 2018. Mimi si shabiki. Pesa ya kufidia nauli, ningepewa mimi, ningenunulia safari za ziada, kwa sababu basi la bure ambalo halipo saa unayolihitaji halikusaidii.

Sasa, nani alipe lile pengo? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kimyakimya: njia nono iibebe njia kavu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1930, leseni ya njia ilimkinga mwenye kampuni dhidi ya ushindani pale penye faida, na yeye akatarajiwa kupeleka magari kule pasipo na faida. Sheria ya 1985 iliuvunja mpango huo nje ya London. Kuanzia tarehe 26 Oktoba 1986 kampuni ziliruhusiwa kuendesha njia zinazozitaka kibiashara, na zile zilizobaki halmashauri zikaruhusiwa kuzitangazia zabuni, kama zinaona zinahitajika na kama pesa ipo. Yalikuwepo mazuri: kwa mara ya kwanza njia kavu zilijulikana kwa majina na gharama zake. Lakini kitu kinachojulikana gharama yake ndicho kinachokatwa wa kwanza bajeti ikibana, na bajeti za halmashauri zilipobanwa baada ya 2010, mabasi ya vijijini yaliumia mapema.

Uswisi walikwenda njia nyingine. Mabasi yao ya njano ya posta yanatembea kwa injini tangu 1906. Kanuni zao huhesabu makazi yenye watu wasiopungua 100 kuwa mahali panapostahili kufikiwa na usafiri wa umma, na njia ikiwa na wastani wa watu 32 kwa siku kwenye kipande chake chenye abiria wengi zaidi, inastahili safari nne za kwenda na nne za kurudi. Watu 32 kwa siku! Hapa wapo wenye magari wanaowabeba hao kwa tripu moja. Nauli hulipa takribani nusu ya gharama za usafiri wa namna hiyo. Nusu nyingine hugawana serikali ya shirikisho na kantoni, yaani majimbo ya nchi hiyo.

Mtasema ni nchi tajiri. Ni kweli, na siwaombi mwige pesa yao. Ninachokitamani ni kwamba kipimo kiliandikwa kabla ya kuhesabu. Mwanakijiji anajua njia yake itahukumiwa kwa namba gani, na diwani hawezi kuibadilisha namba hiyo katikati ya mkutano kwa sababu mjomba wake anauza teksi. Sisi huwa tunahesabu kwanza, halafu tunaamua ngapi ni "kutosha".

Watu wamejaribu pia kupunguza gharama badala ya kutafuta abiria. Uholanzi walianza mwaka 1977 mabasi madogo yanayoendeshwa na wanakijiji wenyewe kwa kujitolea. Ujerumani wakafuata mwaka 1985. Gari lina viti vinane vya abiria, na anayeliendesha hahitaji leseni ya basi kubwa wala halipwi mshahara, kwa hiyo ile gharama kubwa kuliko zote, dereva, imeondoka. Ni mpango mzuri na ninaupenda. Udhaifu wake ni kwamba wengi wanaojitolea ni wastaafu, na mmoja akiugua ratiba inayumba. Uingereza posta ilibeba abiria pamoja na barua tangu mwisho wa miaka ya 1960, na gari la mwisho likasimama mwaka 2017. Wazo linavutia mpaka ukae ndani: ratiba ya barua si ratiba ya mtu, na gari linaloingia kila kona kukusanya barua linamchelewesha mwenye miadi.

Na siku hizi hakuna kikao kinachokwisha bila mtu kupendekeza basi la kuitwa kwa simu. Liende pale tu anapolihitaji mtu, halitatembea tupu. Nina mashaka nalo kama suluhisho la kila mahali. Basi la njia moja likipata abiria wa ziada linafaidi. Basi la kuitwa likipata abiria wa ziada linapinda kumfuata, wale waliomo wanachelewa, na kabla ya muda mrefu linahitajika gari la pili na dereva wa pili. Helsinki, mji mkuu wa Finland, walikuwa na huduma ya namna hiyo, ikiitwa Kutsuplus, mjini kabisa, penye watu wengi. Ilianza 2012 na ikafungwa mwisho wa 2015 kwa sababu ya gharama. Kijijini inafaa pale watu ni wachache mno na wametawanyika, na mkilichagua, lichagueni mkijua kwamba ruzuku kwa kila abiria itakuwa kubwa.

Mkiniuliza ningefanya nini na njia ambayo inalalamikiwa, ningeanza na daftari. Ihesabiwe wiki nzima, si siku moja, na tena katika majira mengine. Kwenda na kurudi. Kila kituo waliopanda na walioshuka, ili tujue kipande gani kimekufa na kipi kiko hai. Aulizwe pia asiyepanda, na asiulizwe kama angependa basi, kwa sababu kila mtu angependa. Aulizwe juzi alikwenda wapi, saa ngapi, kwa chombo gani, na alilipa nini. Majibu ya hapo ndiyo ratiba.

Kisha ningenyoosha njia. Basi linaloingia kila kitongoji kwa heshima ya kila mwenyekiti linamchosha kila abiria. Hili najua halipendwi, na kuna viongozi hapa wataniangalia vibaya wakati wa chai. Lakini kuna mahali lazima muamue: pesa hii ni ya kujaza mabasi, au ya kumfikia kila mtu? Yote mawili ni halali. Mkitaka kujaza, basi linyooke na lipite mara nyingi, na wengine watembee kidogo. Mkitaka kumfikia kila mtu, basi lizunguke, na msije tena kumsuta dereva kwamba viti viko wazi. Njia nyingi nilizoziona zimepewa kazi ya pili na kuhukumiwa kwa kipimo cha kwanza.

Na ratiba mpya ipewe muda. Watu hawabadilishi maisha kwa sababu ya tangazo lililobandikwa mtini. Wanangoja waone kama basi litakuja wiki ya mvua. Miezi mitatu ya majaribio, ambayo ndiyo hupendwa na wenye bajeti, inatosha kwa abiria kugundua kwamba basi lipo. Kufikia pale wanapoanza kuliamini, limeondolewa. Mwaka mmoja ni kidogo, miwili ni haki, na katika miaka hiyo basi lisikose safari. Ningechagua safari tatu zisizokosa kuliko sita za bahati nasibu.

Baada ya yote hayo zitabaki njia ambazo nikipewa kalamu nitazifuta. Njia iliyohesabiwa vizuri, ikanyooshwa, ikapewa saa zinazofaa na miaka miwili, na bado ina watu sita kwa siku, si njia ya basi. Hao sita hawajakosea kuishi wanakoishi, na wana haki ya kufika hospitali. Lakini wanahitaji gari dogo siku mbili kwa wiki, siku walizozichagua wao, au nafasi kwenye gari la shule linalopita hapo kila siku likiwa na viti vitupu kwa sababu mkataba wake unakataza kubeba mtu mwingine. Mkataba huo unaweza kubadilishwa kwa kalamu tu, na ningeanzia hapo. Na siku ya kufuta njia, tangazo liseme pesa yake imehamia kwenye safari ipi, ya saa ngapi, ili wa njia ya jirani waende wakaipande.

Mwenyekiti, nadhani muda wangu umekwisha. Ningeomba maswali yaanze na madereva.